Uzi: Tuunde gemu ya mkononi kwa Raspberry Pi Zero 2 W (kioo na umeme kwanza, kompyuta baadaye)

#1 MwengeSakiti

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za kununua gemu za mkononi zipo nyingi humu, ila wa kuiunda mwenyewe kuanzia bodi tupu sijauona. Naufungua huu. Nitaeleza ninavyoziunda mimi, na wenye njia nyingine karibuni mjazie.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wengi wakianza wanahangaikia kompyuta: hii ina kasi, ile ina RAM kubwa. Kompyuta ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kinachoamua kama mashine itachezwa kila siku au italala kabatini ni kioo na umeme. Viwili hivi vikikaa sawa, bodi ndogo inatosha. Vikikosewa, hata uweke bodi ya bei gani, haitachezeka.

Bodi ninayotumia ni Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka Oktoba 2021 kwa bei rasmi ya dola 15. Ukubwa wake ni milimita 65 kwa 30, prosesa ina kori nne za Cortex-A53 za gigahezi 1, RAM ni MB 512. Zero ya kwanza ya mwaka 2015, ile iliyotolewa bure juu ya jarida la MagPi, ina kori moja ya kizazi cha nyuma. Inapiga Game Boy na NES vizuri, ila ikifika Super Nintendo inaanza kuhema. Zero 2 W inabeba Super Nintendo, Mega Drive, Game Boy Advance, na gemu nyingi za PlayStation ya kwanza kupitia emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) ya PCSX-ReARMed. Nintendo 64 usimwahidi mtu.

Sasa kioo, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Vioo rahisi kupata ni vya SPI (njia ya kutuma data biti moja moja kwenye waya mmoja), inchi 2 hadi 2.8, pikseli 320 kwa 240, vyenye chipu ya ILI9341 au ST7789. Waya ni chache na kuchomelea ni kwepesi. Shida ni hesabu. Picha moja ya 320 kwa 240 yenye rangi za biti 16 ni biti 1,228,800. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, lazima upitishe biti milioni 73.7 kila sekunde kwenye waya mmoja wa data. Karatasi za vipimo za kiwanda za ST7789 zinaruhusu kuandika kwa megahezi 62.5, yaani kama picha 50 kamili. ILI9341 kwenye karatasi zake imeandikiwa megahezi 10 tu, ingawa vingi vinakwenda mbali kuliko hapo bila kuharibu rangi.

Ndiyo maana ukitumia draiva (programu inayoendesha kioo) ya kawaida unaona picha inarukaruka. Ipo draiva inaitwa fbcp-ili9341 (jina lisikutishe, inaendesha na ST7789 pia) iliyoandikwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Inalinganisha picha mpya na iliyotangulia, inatuma pikseli zilizobadilika tu, na ikizidiwa inatuma mistari kwa zamu, ya witiri kisha ya shufwa. Gemu ambayo mandhari yake imetulia inafika 60 bila jasho. Ile ambayo ukurasa mzima unasogea ndiyo inayoitoa jasho.

Spidi ya SPI inatokana na saa kuu ya chipu, megahezi 400, ikigawanywa kwa namba ya shufwa. Ukigawa kwa 8 unapata 50, ukigawa kwa 6 unapata 66.7. Anza na 8. Ikitulia jaribu 6. Ukiona vumbi la rangi au mistari inayohama, rudi 8 na fupisha waya za kioo. Sentimita 5 na sentimita 20 ni vitu viwili tofauti kwenye spidi hizi.

Draiva hii inategemea mfumo wa zamani wa video wa Pi unaoitwa DispmanX, ambao kwenye Raspberry Pi OS Bookworm haupo tena. Kwa hiyo weka RetroPie 4.8 (mfumo wa kuchezea gemu za zamani kwenye Pi), ambayo imejengwa juu ya Buster, toleo la zamani la Raspberry Pi OS. Na kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, zima SPI ya kernel (kiini cha mfumo), kwa sababu draiva hii inaishika yenyewe. Watu wengi wanaokwama na kioo cheupe wamekwama hapo.

Umeme nauandikia post yake.

---

#2 MwengeSakiti

Umeme.

Pi inataka volti 5. Betri ya lithiamu inatoa 4.2 ikijaa, 3.7 katikati, na inakaribia 3 ikiisha. Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu: cha kuchaji, cha kupandisha volti hadi 5, na cha kuamua nani anakula nini wakati chaja imechomekwa. Hicho cha tatu ndicho watu wanachokiruka.

Chukua TP4056, kimoduli kidogo kilichojaa madukani. Chenyewe hakina kosa, kinachaji vizuri. Lakini kinajua betri imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule uliowekwa. Kama kimewekwa ampia 1, kinasubiri mkondo ushuke hadi miliampia 100. Sasa ukicheza huku unachaji, Pi peke yake inavuta 400 au 500. Mkondo haushuki kamwe, chaja haizimi kamwe, na betri inashikiliwa kwenye 4.2 saa zote hizo. Betri inazeeka haraka, na kama ni ya ubora wa chini inaanza kuvimba.

Dawa ni kutenganisha njia. Weka MOSFET ya P kama AO3401 (swichi inayoendeshwa na volti, miguu yake ni drain, source na gate) na dayodi ya Schottky kama SS14 (inapitisha umeme upande mmoja tu). Drain ya MOSFET iende betri, source iende kwenye kipandisha volti, gate iende kwenye volti 5 za chaja, na resista ya kilo-omu 100 kutoka gate hadi graundi. Dayodi itoke volti 5 za chaja iingie kwenye kipandisha. Chaja ikichomekwa, MOSFET inajifunga na Pi inakula moja kwa moja kutoka chaja. Ikichomolewa, gate inashuka na betri inashika zamu. Vipande vitatu tu.

Asiyetaka kuchomelea hivyo atafute bodi iliyokwishafanya kazi hiyo. PowerBoost 1000C ya Adafruit ni mfano mzuri, na inatoa 5.2 badala ya 5.0 ili kufidia kinachopotea kwenye waya. Ina pini ya LB inayoshuka hadi sifuri betri ikipita chini ya 3.2. Nzuri sana kwa kuiambia Pi ijizime kistaarabu kabla memori kadi haijaharibika. Ila angalieni: pini hiyo ikiwa juu inabeba volti ya betri, hadi 4.2. GPIO za Pi (pini zake za kupokea na kutoa ishara) mwisho wake ni volti 3.3. Pitisha kwenye resista mbili za kugawa volti, la sivyo unaua pini.

Resista ya kuweka mkondo kwenye TP4056 ni kilo-omu 1.2 kwa ampia 1. Kwa betri ya 2000 mAh ni sawa kabisa. Ukiweka kibetri cha 500 mAh bila kuibadilisha, unakichaji kwa mara mbili ya uwezo wake. Weka kilo-omu 5, utapata kama miliampia 250.

Muda wa kucheza uhesabu hivi: 2000 mAh mara 3.7 ni wati-saa 7.4. Kipandisha kinakula kama asilimia 15, inabaki 6.3. Mashine yenye Zero 2 W, kioo cha inchi 2.8 na sauti ya wastani ikila wati 2.2, ni saa mbili na dakika hamsini hivi. Anayekuahidi saa nane kwa betri hiyo, mwombe akuonyeshe hesabu.

---

#3 jipu_la_mtaa

Naweka kambi hapa. Mkuu shusha na mambo ya batani na sauti.

---

#4 Kisauni_Salim

Assalaam aleikum jamani. Uzi mzuri, ahsante ndugu.

Mimi niko Mombasa. Nina betri mbili za 18650 nilizotoa kwenye laptopu mbovu, na nyingine mpya niliyonunua mtaani imeandikwa 9900 mAh. Nafikiria kutumia hiyo mpya kwa sababu itakaa zaidi. Je, kuna ubaya?

---

#5 MzeeWaRedio

Kijana Salim, waaleikum salaam.

Hakuna 18650 ya 9900. Zile bora za viwanda vikubwa zinazunguka 3500, na za laptopu nyingi ni 2000 hadi 2600 zikiwa mpya. Kopo lile ni milimita 18 kwa 65, halina nafasi ya zaidi ya hapo. Iliyoandikwa 9900 ukiipima kwa mzigo utakuta 1000 au pungufu. Wengine wanaifungua na kukuta kiseli kidogo ndani kimezungushiwa unga. Ipime kwa mkono tu: seli nzuri ina uzito wa gramu 45 hivi. Ikiwa nyepesi kama kalamu, iache.

Za laptopu nazo usizichukulie kuwa salama kwa sababu ni za kampuni. Pima volti kabla ya kuchaji. Iliyolala chini ya 2.5 kwa miezi mingi imekwisha, hata ikikubali kuchaji. Iliyo sawa ijaze hadi 4.2, iache wiki nzima, pima tena. Ikiwa imeshuka hadi 4.0 au chini, inajila yenyewe, itupe mahali salama. Atakayeishika mashine hiyo pengine ni mtoto. Usiweke seli unayoitilia shaka.

Na usichomelee risasi moja kwa moja kwenye kopo la seli. Joto linaharibu muhuri wa juu. Tumia zenye ulimi wa nikeli au kishikizo cha springi.

---

#6 Kisauni_Salim

Shukran sana mzee wangu. Nimeipima kwenye mizani ya mama, gramu 29. Nimeiweka kando.

---

#7 MwengeSakiti

Shikamoo Mzee, ahsante kwa somo. Hilo la kuiacha wiki na kuipima tena naomba watu walisome mara mbili.

jipu_la_mtaa, batani na sauti hizi hapa.

Kila batani inapata pini yake ya GPIO upande mmoja, upande wa pili zote zinakutana graundi. Hakuna haja ya matriksi (batani kugawana waya kwa safu na mistari): ukibonyeza tatu kwa pamoja kwenye matriksi isiyo na dayodi, inatokea ya nne ambayo hukuibonyeza, na kwenye gemu za kupigana hilo ni balaa.

Hesabu ya pini. GPIO zinazotumika kwa kawaida ni 2 hadi 27, jumla 26. Kioo cha SPI kinachukua 7 hadi 11, pamoja na 24 na 25 kwa reset na kwa kutofautisha amri na data. Sauti ya I2S (njia ya sauti ya dijitali) inachukua 18 hadi 21. GPIO 3 iache kwa swichi ya kuwasha, kwa sababu ndiyo pini ambayo ukiigusisha graundi inaiamsha Pi iliyolala. Zinabaki 14. Batani 12 zinaenea: mshale nne, A, B, X, Y, L, R, Start, Select. Mimi huziacha 14 na 15 wazi, zinasaidia kuingia kwenye Pi kwa waya wa serial kutoka kompyuta nyingine siku kioo kikigoma.

Kuna kitu kinawasumbua wengi. Msiandike dtoverlay=gpio-key mara 12. Kila mstari unazaa kifaa chake na mfumo unaona vijikibodi 12. Andikeni overlei moja (faili linaloieleza kernel vifaa vilivyounganishwa) yenye batani zote chini ya gpio-keys. Halafu ongezeni kanuni ya udev (sehemu ya mfumo inayotambua vifaa) inayoweka ID_INPUT_KEYBOARD kuwa 1 kwa kifaa hicho, kwa sababu kibodi yenye vitufe 12 tu mfumo hauihesabu kuwa kibodi kamili na RetroArch, programu inayoendesha emuleta, inaipita. Kwenye config.txt wekeni mstari wa kuvuta pini juu:

gpio=2,4,5,6,12,13,16,17,22,23,26,27=ip,pu

Namba za vitufe: 103 juu, 108 chini, 105 kushoto, 106 kulia. A ni 45, B ni 44, X ni 31, Y ni 30, L ni 16, R ni 17, Start 28, Select 54. Nimezichagua hizo kwa sababu ndizo RetroArch inazozisikiliza kabla hujaigusa mipangilio yake.

Zero haina tundu la spika. Kuna njia ya kutoa sauti kwa PWM (kuwasha na kuzima pini kwa kasi) na kuichuja kwa resista na kapasita, inafanya kazi lakini ina mlio wa nyuma. Mimi naweka ampilifaya ndogo ya MAX98357A: waya tatu za I2S (18, 19, 21), umeme na graundi, inasukuma hadi wati 3 kwenye spika ya omu 4. Kwenye config.txt ondoa dtparam=audio=on, weka dtoverlay=hifiberry-dac. Spika ya simu kubwa iliyokufa inatosha, ila ipe chumba kidogo kilichofungwa nyuma yake. Spika iliyo wazi pande zote inalia kama nyuki.

---

#8 ChugaBoy

Mkuu heshima kwako, lakini naomba nitofautiane. Sasa hivi gemu za mkononi za chipu ya RK3326 zimejaa, Anbernic walitoa RG351 tangu 2020. Zina kioo kizuri, betri kubwa kuliko ya uzi huu, na zinazima na kuwaka papo hapo. Ukijumlisha bodi, kioo, chaja, kasha, unafika bei ileile au unapita. Kwa nini mtu ajitese?

---

#9 MwengeSakiti

ChugaBoy, kwa anayetaka kucheza tu, uko sahihi na mimi mwenyewe humwambia anunue. Sibishani na hesabu yako ya bei.

Ninaloliona mimi ni jingine. Ukishaunda moja, umeshika kwa mikono yako chaja ya lithiamu, kipandisha volti, basi la data la kioo, draiva, kernel, sauti ya dijitali na usanifu wa kasha. Kijana anayerekebisha simu pale Kariakoo au Luthuli anakutana na vitu hivyohivyo kila siku, lakini vimefungwa na hana mchoro. Hapa mchoro ni wake. Batani ikifa baada ya mwaka, anajua ni GPIO ipi. Kioo kikipasuka anabadilisha kioo, habadilishi mashine.

Na kuna hili la kuchagua mwenyewe. Game Boy Advance ina pikseli 240 kwa 160. Kwenye kioo cha 320 kwa 240 inabidi uinyooshe mara 1.33, na maandishi madogo yanavurugika. Ukichukua kioo cha mraba cha 240 kwa 240 inakaa pikseli kwa pikseli, safi kabisa. Kama wewe ni mtu wa gemu hizo tu, unajijengea mashine ya gemu hizo tu. Dukani unachagua katika vile walivyoamua wao.

---

#10 ChugaBoy

Hapo kwa vijana wa ufundi nakubali. Na hicho kioo cha mraba sikuwa nimekifikiria. Naendelea kusoma.

---

#11 BintiMakorora

Kwa wanaotaka kioo bora kuliko SPI, kuna njia ya DPI. Kinapokea data kwa waya nyingi kwa pamoja kutoka GPIO, 640 kwa 480 kwa picha 60 kwa sekunde, hakuna kukatika katikati. Gharama yake ni pini. Kwa rangi za biti 18 kinakula GPIO 0 hadi 21, unabaki na sita. I2S imekwenda, SPI imekwenda, hata I2C ya kawaida ya 2 na 3 imekwenda.

Ninavyofanya: batani zote nazipeleka kwenye Raspberry Pi Pico, ile ya dola 4 ya mwaka 2021, naiwekea programu ya GP2040-CE. Inajitambulisha kwa Zero kama pedi ya USB, hakuna overlei wala udev. Sauti naitoa kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB. Kwa kuwa Zero ina mlango mmoja tu wa data, unahitaji habu ndogo ndani, na nafasi ya kasha inaongezeka. Kwa mashine ya kwanza anzeni na SPI kama mleta uzi alivyosema. DPI inachosha kuchomelea kama mkono haujazoea.

---

#12 MwengeSakiti

Dada Binti, umenitendea haki. Hiyo ya Pico ni safi hata kwa wanaotumia SPI, kama wanaogopa kernel.

---

#13 Mwalimu_Kgm

Wakuu, mimi ni mwalimu wa sekondari, Kigoma. Nina kikundi cha wanafunzi wa kompyuta wanaobaki baada ya vipindi. Nimevutiwa. Maswali mawili. Kwanza, gemu zenyewe zinatoka wapi? Sitaki shule ionekane inasambaza vitu vya wizi. Pili, inawezekana wanafunzi wakatengeneza gemu yao na kuiweka humo?

---

#14 BintiMakorora

Mwalimu, emuleta ni halali. Kinacholeta shida ni mafaili ya gemu. Gemu za miaka ya themanini na tisini bado zina wenyewe, hata kama haziuzwi tena, na kuzipakua kwenye tovuti za bure ni kunakili kazi ya mtu bila ruhusa. Kwa shule kaa mbali nazo kabisa. Zipo gemu nyingi mpya ambazo watunzi wameziandika kwa mashine za zamani na kuzitoa bure wenyewe. Angalia leseni ya kila moja kabla ya kuiweka.

Swali la pili ndilo linalonifurahisha. Wape TIC-80. Ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Ndani yake mna kihariri cha kodi, cha picha, cha ramani na cha muziki. Uwanja wake ni pikseli 240 kwa 136, kwa hiyo kwenye kile kioo cha 240 kwa 240 unakaa bila kunyooshwa. RetroPie inaiendesha. Mwanafunzi anaandika Lua kwenye kompyuta yoyote ya maabara, anahifadhi faili, analihamishia kwenye memori kadi, anacheza gemu yake mkononi.

Kwa wasiojua kodi bado, kuna GB Studio, nayo bure. Unapanga vyumba, wahusika na maneno kwa kuburuta, kisha inakutolea faili halisi la Game Boy. Maneno yanaweza kuwa Kiswahili tupu, herufi zetu ni za kawaida. Hadithi ya soko la Kigoma, ziwa, garimoshi la reli ya kati, yote yanaingia.

---

#15 Mwalimu_Kgm

Dada Mungu akubariki. Garimoshi hilo nimeshajua nani atalichora. Nitaanza na GB Studio kwa kidato cha kwanza, TIC-80 kwa cha tatu.

---

#16 MwengeSakiti

Mwalimu, kwa darasa nashauri msinunue betri kwanza. Tumieni pawabenki iliyofungwa, ya dukani. Watajifunza kioo, batani na programu bila lithiamu tupu mikononi mwa wanafunzi thelathini. Betri ije baadaye kwa wachache, ukiwasimamia.

---

#17 Tabata_Kev

Wakuu nisaidieni. Yangu inawaka vizuri, menyu inatembea, ila nikicheza na sauti ikiwa juu inazima ghafla na kuwaka upya. Sauti ikiwa chini inavumilia. Nimetumia 18650 moja, TP4056 yenye kinga, na kipandisha volti cha MT3608 nilichokiseti 5.0. Tangazo lilisema MT3608 ni ampia 2. Memori kadi nimebadilisha, hali ileile.

---

#18 MzeeWaRedio

Kadi haina hatia. Pima volti kwenye pini ya 2 na ya 6 za Pi yenyewe, sio kwenye MT3608, mashine ikiwa inapiga kelele. Tuambie namba. Na waya zako ni za unene gani, na ndefu kiasi gani?

---

#19 Tabata_Kev

Shikamoo mzee. Kwenye MT3608 inasoma 4.9. Kwenye pini za Pi ni 4.6, na inacheza hadi 4.5 mlio mkubwa ukipiga. Waya ni zile nyembamba za namba 30, kama sentimita 20 kutoka betri na 20 nyingine hadi Pi.

---

#20 MzeeWaRedio

Marahaba. Jibu umelipima mwenyewe.

Waya namba 30 una omu 0.34 kwa mita. Sentimita 20 kwenda na 20 kurudi ni kama omu 0.14. Ampia 1 ikipita inakula volti 0.14, na hapo ni upande wa 5 tu. Upande wa betri mkondo ni mkubwa zaidi, kwa sababu wati ni zilezile na volti ni ndogo. Mashine ikivuta wati 4 kwa dakika ya mlio mkubwa, betri iko 3.5, kipandisha kina hasara yake, unapata ampia 1.3 kwenye uzi ule mwembamba. MT3608 inapokea volti pungufu, inajitahidi kwa kuvuta mkondo zaidi, waya unakula zaidi. Mduara huo ndio unaokuzimia.

Ampia 2 za tangazo usizitegemee ukipandisha kutoka betri moja.

Fanya hivi. Waya za umeme zote ziwe namba 22 au 24, fupi kadiri kasha linavyoruhusu. MOSFET na dayodi za MwengeSakiti kama hujaziweka, ziweke. Kapasita ya maikrofaradi 470 hadi 1000, volti 10, ichomelee karibu kabisa na Pi. Umeme wa ampilifaya uutoe kwenye kipandisha moja kwa moja kwa waya wake, usiupitishe kwenye bodi ya Pi. Kisha pandisha MT3608 hadi 5.1, ukipima kabla ya kuunganisha, kwa sababu kitasa kile kikigeuzwa kidogo tu kinaruka hadi volti za kuua bodi. Ukishaseti, tia tone la rangi ya kucha kisizunguke tena.

---

#21 jipu_la_mtaa

Nimejifunza zaidi hapa kuliko kwenye video zote. Endeleeni wazee.

---

#22 Tabata_Kev

Mrejesho. Nimeweka waya namba 22, kapasita ya 1000, na ampilifaya ina waya wake. Kwenye pini za Pi sasa ni 5.04, sauti ikiwa juu kabisa inashuka hadi 4.97. Haijazima tena tangu jana. Mzee ahsante sana.

Sasa nataka kulichapa kasha kwa printa ya 3D. Kuna jamaa anachapa kwa plastiki ya PLA. Inafaa? Na nani ana vipimo vya matundu ya Pi?

---

#23 MwengeSakiti

Hongera Kev, hizo ndizo namba tunazozitaka.

PLA inaanza kulegea karibu nyuzi 60. Ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar inafika huko, na kasha litapinda likiwa limekumbatia betri. Mwombe plastiki ya PETG, inavumilia hadi karibu 80. Zero 2 W nayo ikifika nyuzi 80 inajipunguza spidi yenyewe, kwa hiyo usiifunge kwenye ukuta wa plastiki bila hewa. Acha milimita 3 juu ya chipu na matundu machache upande wa juu wa kasha, mbali na viganja. Betri ikae upande wa pili wa kioo, isilale mgongoni mwa Pi.

Matundu ya Zero ni ya skrubu M2.5. Kutoka kati hadi kati ni milimita 58 kwa urefu na 23 kwa upana, na kila tundu liko milimita 3.5 kutoka kingo. Acha uwazi wa memori kadi upande wa kushoto ili uweze kuitoa bila kufungua kasha, na uwazi wa mini HDMI kama unataka kuiunganisha na TV. Chapa kwanza ukurasa wa chini peke yake, unene wa milimita 1, upachike kila kitu juu yake uone kama kinakaa, ndipo uchape kasha zima. Picha ukiimaliza iweke hapa, pamoja na namba za GPIO ulizotumia.